Mlango wa Chumba cha Mama

...na fundi akisema kweli, yeye atasema fundi ni mwongo, basi, kwani nani asiyejua kwamba mafundi ni waongo, huyu hasa, ambaye watoto wanamwita Fundi Kesho na ambaye amemzika mjomba yuleyule mara mbili, mara ya kwanza wakati wa msingi, mara ya pili wakati wa kupandisha kuta, na mara zote mbili wakampa pole, kwa hiyo mume atamwamini nani kama si mkewe, alijisemea, amekaa juu ya rundo la matofali, macho barabarani, na pembeni yake mama mkwe, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya chungwa na kuongea, "...na dirisha nalo wameliweka pazuri, jua la asubuhi litaingia mpaka kitandani," ndiyo mama, litaingia, alijibu bila kusikia, maana masikio yake yalikuwa bado kule nyumbani, mume anafunga kamba za viatu, anasema, "Leo namfuata kwake mwenyewe, namleta hapo saiti, aniambie mbele yenu kwa nini miezi minne hajagusa kazi," na yeye, mke, msimamizi wa ujenzi kwa sababu mume ana kazi ya zamu, akakoroga chai isiyokuwa na sukari, akasema kwa uso mkavu, "Afadhali umfuate," loo, afadhali!... wakati ni yeye aliyemwambia fundi, hapahapa, penye ukuta huu, ziba mlango huu wa koridoni, chumba cha mama kifungukie nje, uani, apate hewa, fundi akakuna kichwa, "Mzee anajua?" akamjibu, "Subiri kwanza, usiguse kitu, nitaongea naye," na hakuongea naye, leo amechoka, kesho ana zamu ya asubuhi, na mume akiuliza anasema fundi hapatikani, simu imezimwa, mvua zilikwisha akapoteza kisingizio hata hicho, na uongo ukaota miguu... Si kwamba hampendi mama huyu, angekuwa mkorofi ingekuwa nafuu, angepata la kuwaambia dada zake, lakini ukiamka sufuria zimeshaoshwa, godoro lake limeshakunjwa ili watoto wapate pa kunywea chai, miaka mitatu analala nyuma ya pazia sebuleni na kikohozi anakibania kwenye mto asiwaamshe, na miaka mitatu wao wawili wanagombana kwa kunong'ona, wanacheka kwa kunong'ona, hata kulia analia ndani ya kanga, amechoka, Mungu wangu, amechoka na wema unaosikia kila kitu, alitaka mlango mmoja tu duniani wa kufunga, na siku mume alipochora ramani chumba cha kwanza kuandikwa kilikuwa cha mama, kikitazamana na chao, hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakusema neno... "Mimi nilikuja hapa, unajua," alikuwa anasema mama mkwe, "mwezi uliopita, siku ile niliyoaga nakwenda kliniki, nilimkuta fundi amefuata ngazi yake, nikamuuliza," na yeye akageuka kutoka barabarani, "Ukamuuliza nini, mama?" "Mbona kazi imesimama. Akaniambia." Maganda ya chungwa yaliendelea kudondoka taratibu. "Mlango wa uani si mbaya, mwanangu. Na kikohozi hiki, mtalala vizuri." Mwezi mzima! mwezi mzima anajua, na kila asubuhi anamuuliza umeamkaje, mwanangu, anamwekea maji ya kuoga, na yeye anaitikia, nimeamka salama mama, aibu gani hii... "Akifika mumeo, mimi nitamwambia nilimzuia fundi mwenyewe, nilitaka kupata hewa. Mimi hawezi kunigombeza." Na kitu cha kwanza alichosikia, asijidanganye, kilikuwa raha, ahueni ya mtu aliyetua mzigo, nimepona, mlango utakwenda nje na lawama haipo, mama mwenyewe kataka... kisha akamtazama, goti moja limevimba, kanga imefungwa upande, bibi kizee anayejipeleka uani kwa mdomo wake mwenyewe ili mkwe asiaibike, na ile raha ikamwishia palepale, akaona kwamba nyumba hii haikumsubiri fundi, wala mvua, ilimsubiri yeye afungue kinywa, amwambie mume, mimi ndiye niliyemzuia, na amwambie na lile jingine pia, kwamba nimechoka, ulipaswa kuniuliza, tukae tutafute namna, sisi watatu. "Usiseme ni wewe, mama." "Eh?" "Nitasema mimi. Na mlango usitoke ulipo." Mama mkwe alimpa nusu ya chungwa. "Atakasirika huyo, namjua, nimemzaa." "Akasirike tu." Lakini nusu ile ya chungwa aliishika tu bila kuila, juisi inamchirizika mpaka kiwikoni, na barabara bado ilikuwa tupu, hapakuwa na mume wala fundi, na yeye, aliyekaa asubuhi nzima akiomba wachelewe, sasa alitaka wafike upesi, sasa hivi, kabla woga haujamrudia.