Aliyeacha Lindo

Kila mwezi wa Mei, wazee wa manowari Penhallow tunakutana Plymouth kula nyama ya ng'ombe ya kuoka, na kila mmoja hukaa mezani kulingana na mahali alipopigana melini. Wapiga mizinga mbele, dirishani. Wachochea tanuri nyuma kabisa, karibu na jiko, na kila mwaka Percy Luscombe hulalamikia joto. Tulianza watu thelathini na wanane. Mwaka huu wa 1991 tumebaki tisa. Viti vya waliokufa hatuvisogezi, kwa hiyo kuombana chumvi ni kupigiana kelele.

Safari hii alikuja binti wa makumbusho, Bi Philippa, na kinasa sauti chake. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aliyeiona kwa macho yake manowari ya adui ikizama.

"Umefika penyewe, binti," alisema mwenyekiti wetu, Ambrose Tozer, aliyekuwa mkuu wa mzinga wa mbele. Akaanza. Moto, moshi, bendera ya adui inashuka, nasi tunawatupia kamba mabaharia wao na kuwavuta juu kama ndugu. Hadithi hii naijua kama ninavyozijua ngazi za nyumbani kwangu.

"Wewe ulikuwa wapi hasa?" Bi Philippa akauliza.

"Ndani ya mnara wa mzinga."

"Mnara una dirisha?"

Tozer akakohoa. "Una kipimo chenye mshale. Mshale ukisogea, nasi tunasogeza mzinga."

Binti akamgeukia Percy. Percy alikuwa tanurini. Akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa ndani ya ghala la baruti, mlango umefungwa kwa nje ili tukiungua tuungue peke yetu. Binti wa watu akaizunguka meza nzima. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilikuwa na miaka hamsini, na hakuna aliyeona hata kofia ya adui! Niliona aibu, kisha nikaanza kucheka, nikakanyagwa mguu.

"Mimi niliona," alisema Denzil Hocking.

Denzil hukaa kushoto kwangu. Lindo lake lilikuwa pampu ya maji, ghorofa tatu chini ya sitaha. Mkewe alishafariki, watoto wako Australia. Mlo huu ndio jamaa pekee aliobaki nao. Na kanuni yetu ya kwanza anaijua: aliyeacha lindo vitani hana kiti hapa.

"Nyamaza, Denzil," nikamnong'oneza. "Kula."

"Nimenyamaza tangu mwaka wa arobaini na moja, Edgar. Nimeshiba." Akamgeukia binti. "Nilipanda juu. Niliogopa kufa gizani. Walikuwa majini, mamia, wamejaa mafuta, wanatupungia mikono. Kamba tulishusha, ndiyo. Wakapanda wanne. Kisha tukaondoka, tukawaacha. Mmoja alikuwa bado ameshika kamba."

Tozer akaweka uma chini.

"Hocking. Nani alikupa ruhusa ya kupanda juu?"

"Hakuna."

"Na pampu ulimwachia nani?"

"Pampu ilikuwa mbovu, Bwana Mwenyekiti. Mbovu tangu bandari ya Gibraltar."

"Sikuulizi afya ya pampu!"

Wakachangamka, usingedhani ni wazee. Huyu anasema pampu ni pampu, hata mbovu. Yule anasema yeye aliungua mikono yote miwili na hakutoka. Percy anapiga meza kwa kijiko: "Mimi nilitaka kupanda kuliko yeye! Mbona nilibaki?" Nusu saa nzima tuliijadili ile pampu. Mara mbili Bi Philippa alijaribu kuuliza habari za wale wa majini, akaambiwa asubiri, kuna hoja mezani.

Tukapiga kura ya kumtoa. Saba kwa mmoja, na huyo mmoja ni kiziwi, hakusikia swali.

Denzil alikunja kitambaa chake, akamshukuru mpishi, akashuka ngazi. Nilimfuata, nikamkuta mlangoni akifunga vifungo vya koti, mvua inanyesha.

"Na wewe uliinua mkono?"

"Niliinua."

"Vizuri. Sheria ni msumeno."

Nilikuwa na swali moja: yule aliyeshika kamba, aliishika mpaka lini? Nikamwuliza kama ana mwavuli.