Kioo cha Pikipiki ya Marehemu

Wiki saba baada ya mazishi, mke wa mdogo wake Fundi Msasa alifika karakana akiisukuma pikipiki ya marehemu mumewe.

Fundi Msasa alikuwa amechuchumaa mbele ya gari dogo, anasugua taa zilizopauka. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake: chochote cha plastiki kilichofifia, yeye alikirudishia nuru. Kwa miaka kumi na tisa ya kusugua, ngozi ya vidole vyake ilikuwa imelika ikawa laini kama ya mtoto mchanga, na mafundi wa jirani walimtania kwamba siku akiamua kuiba, polisi hawatapata alama hata moja.

"Habari za kazi, shemeji."

"Salama, shemeji. Mbona umeisukuma na jua lote hili? Imegoma?"

"Inawaka vizuri tu. Kuendesha nimeshajua. Tatizo ni kuona."

Shemeji alikuwa muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani. Zamani mumewe ndiye aliyempeleka asubuhi na kumfuata jioni. Tangu azikwe, alikuwa anatembea kwa miguu, na wagonjwa wa mwisho walikuwa wanalala bila kubadilishiwa bandeji. Alipochoka na hali hiyo akajifunza pikipiki uwanjani, nyuma ya shule, akaanguka mara mbili, akaendelea.

"Nisafishie hiki kioo cha mbele cha kukinga upepo," alisema. "Jua likinijia usoni, ni kama nimefunikwa shuka."

Fundi Msasa aliuweka msasa chini. Mdogo wake alikuwa amemwambia maneno karibu yaleyale.

Mambo yalikwenda hivi. Miezi minne kabla ya ajali, mdogo wake alileta pikipiki aliyoinunua mkononi mwa mtu. Kioo chake cha plastiki kilikuwa na stika kubwa katikati. Siku hiyo wateja walikuwa wengi, na gundi ya stika haikutaka kutoka kwa maji ya sabuni. Fundi Msasa akachovya kitambaa kwenye thina ya kuyeyushia rangi, akafuta. Alijua kabisa kwamba thina na plastiki ile hazipatani. Alikuwa amewakataza wateja wangapi? Lakini gundi ilitoka mara moja. Kesho yake kioo kikaanza kuingia ukungu mweupe, na ndani yake nyufa nyembamba kama nywele.

"Kaka, mbona kimekuwa hivi? Jua likinipiga usoni sioni mbele," mdogo wake alisema.

"Ni jua hilo. Plastiki ya zamani ikichoka ndivyo inavyofanya. Nitakuja kukusugulia."

Alimwahidi wiki ile. Kisha wiki iliyofuata. Mdogo mtu hakuwa mtu wa kusumbua, na kazi ya ndugu ndiyo huwekwa nyuma ya kazi zote. Jioni moja, akielekea jua linalozama, alilivaa lori lililoegeshwa kando ya barabara, mbao zimetokeza nyuma bila hata kitambaa chekundu. Mbao zilipita juu ya kioo, zikampiga kifuani. Pikipiki yenyewe ikaenda kulala mtaroni, ikapata mikwaruzo tu.

"Kaa kwenye kiti, shemeji," Fundi Msasa alisema. "Itachukua muda."

Alifungua skrubu nne, akakilaza kioo juu ya blanketi kuukuu. Alikiosha kwanza, maana chembe moja ya mchanga inaweza kuharibu kazi yote. Akaanza na msasa wa maji ulio mkali, namba mia nane, akisugua kwa upana. Kioo kikawa cheupe kabisa kama maziwa, na shemeji akainuka kidogo.

"Usiogope. Lazima kiharibike kwanza ndipo kipone."

Akabadili msasa, namba elfu moja, sasa akisugua kwa urefu, ili mistari ya kwanza ionekane na kufutika. Halafu elfu mbili. Halafu elfu tatu, ambao ukiushika ni kama karatasi ya kawaida. Maji yalitiririka meupe hadi miguuni mwake. Kwa kawaida alikuwa mpiga soga, mteja hamalizi kusubiri bila kucheka, lakini siku hiyo redio ya jirani ndiyo ilisikika peke yake. Mwishowe akapaka dawa ya kung'arisha kwa kitambaa cha pamba, duara ndogondogo, mpaka mkono ukafa ganzi.

Alikiinua, akaweka gazeti nyuma yake. Herufi zote zilisomeka, hata zile ndogo za matangazo ya vifo. Nyufa mbili tatu zilibaki pembeni, zilikuwa zimezama mno.

Shemeji alichungulia, akatazama saa yake.

"Kumbe ni kazi ya saa mbili tu," alisema.

Hakuwa analaumu. Alisema kama mtu anayeshangaa. Lakini Fundi Msasa alijikuta ameketi chini, penye maji.

"Shemeji, kioo hiki nilikiharibu mimi. Nilikifuta kwa thina."

"Sema tena."

Akasema tena, polepole, tangu stika mpaka ile ahadi.

"Yeye alijua ni wewe?"

"Hapana. Nilimwambia ni jua."

Shemeji akachukua bisibisi mezani, akakibeba kioo, akakifunga mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine. Fundi Msasa aliponyanyuka amsaidie, alimzuia kwa kiganja.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Mwambie wewe. Mimi nina wagonjwa, na nina watoto wako wawili wanaoniuliza baba yao hakuliona vipi lori zima. Huo mzigo wako sitakubebea."

Akawasha, akaondoka.

Fundi Msasa alifunga karakana mapema, akaenda kwa mama yao. Alimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Mama hakuacha kuchambua. Vidole viliendelea kutupa vijiwe, kimoja, kingine, mpaka maneno yakaisha.

"Nilizaa wawili," mama alisema. "Mmoja nimemzika. Na wewe sasa nikufanye nini?"

Fundi Msasa alisubiri atukanwe, afukuzwe, chochote. Mama aliinuka na ungo wake, akaingia ndani, akaurudishia mlango bila kuubamiza.

Shemeji hakurudi karakana. Pikipiki ikiharibika aliipeleka kwa mafundi wengine. Watoto aliendelea kuwaleta kwa bibi yao siku za mapumziko, na baba yao mkubwa akitokea, waliitwa ndani wakaoshe vyombo.

Fundi Msasa hakuacha kwenda kwa mama. Kila juma alijaza pipa la maji la mama, akaziba bati lililovuja, akaaga, akaitikiwa kama jirani. Ulipita karibu mwaka mzima. Siku moja, alipokuwa ananawa mikono atoke, mama, ambaye hakuwa amemkaribisha chakula tangu siku ile, aliuliza kutoka jikoni, bila kugeuka:

"Umekula?"

"Nimekula, mama," alijibu, ingawa tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Mama akafunika sufuria. Naye akatoka, akaufunga mlango wa ua taratibu.