Bosi Hajamaliza Kusema

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule, na mdomo ninao. Nalisema mapema ili mtu asije akalalamika mbele ya safari. Wazazi wenye watoto wenye ulemavu huja dukani kwangu kupima sare, halafu hawaondoki. Wanakaa kwenye benchi pale mlangoni, wananieleza mwalimu mkuu kasema hivi, kamati imesema vile, na mimi nimebana pini midomoni nasikiliza. Pini zikiisha, naanza. Kijana wangu ni kiziwi. Sasa ni mtu mzima ana karakana yake ya viti na meza, lakini wakati wa kumsomesha nilizunguka ofisi zote, mpaka makarani wakiniona kwa mbali wanajifanya wana simu. Ndiyo maana watu wananiita Wakili. Sijasomea sheria hata ya kuvuka barabara.

Ninachofanya ni kumfanyisha mzazi mazoezi. Mtu anaweza kuwa mkali nyumbani kwake, lakini mkalishe mbele ya meza ya mwalimu mkuu uone. Anarudi utotoni. Ni "ndiyo mwalimu, sawa mwalimu," na akishatoka nje ndipo anakumbuka alichofuata. Basi mimi najigeuza mwalimu mkuu. Natundika utepe wa kupimia shingoni, nakunja uso, nakaa nyuma ya cherehani, namwambia, "Haya, sema haraka, nina wageni." Nakuwa mkorofi kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kushika chaki. Akishapita kwangu, huko shuleni anaona kama wanambembeleza.

Safari hii waliokalia benchi walikuwa wangu mwenyewe: mdogo wangu wa kiume, fundi wa mafriji, na mkewe, wifi yangu. Katikati yao, kwenye kiti chake cha magurudumu, alikaa Bosi.

Bosi ni binti yao wa pekee, ana miaka minane. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, maana tangu azaliwe nyumba nzima inaamka anapoamka na kulala anapotaka. Ana mtindio wa ubongo. Miguu haimtii, mikono inamtii ikijisikia, na maneno yanamtoka taratibu, moja moja, shingo imekaza na macho yamekuganda. Akili yake ni timamu kabisa. Sisi tulilijua hilo, lakini shuleni walikuwa na mashaka.

Wifi ndiye aliyenieleza. Mwalimu mkuu aliwaita, akawaambia kwa upole kwamba mtoto hafuati masomo, akiulizwa hili anajibu lile, na ingekuwa heri apelekwe shule maalumu ya bweni. Shule yenyewe iko mbali, safari ya kutwa nzima, na angekuwa anarudi nyumbani likizo tu. Alhamisi angekuja afisa wa elimu maalumu, wakae wote, waamue.

"Na huyu alijibu nini?" nikauliza, nikimwonyesha mumewe kwa mkasi.

"Alisema sawa mwalimu."

"Alisema sawa!"

"Dada, alikuwa anaongea vizuri," mdogo wangu akajitetea. "Mtu anaongea na wewe vizuri, utamkatalia vipi?"

Jamani! Huyu ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Nampenda, nilimbeba mgongoni huyu, lakini siku ile nilitamani nimshone mdomo. Wifi naye alikuwa ameshika tama, kanga imelowa machozi kwenye pembe.

Mtu asinielewe vibaya. Sina ugomvi na bweni. Kijana wangu mwenyewe alisoma bweni la viziwi, akapata lugha yake na rafiki zake, akanawiri. Alikwenda kwa sababu alikuwa anakwenda kupata kitu. Bosi alikuwa anaondolewa kwa sababu watu wameshindwa kumwelewa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Halafu huyu mtoto hajawahi kulala mbali na mama yake hata usiku mmoja. Nani huko angejua kwamba akikaza jicho la kushoto ni kiu?

Basi kila jioni wiki ile tulifunga duka, tukafanya mazoezi. Mimi nikawa mwalimu mkuu. Nikawa afisa. Nikawa hata mwalimu wa darasa, ambaye sikumjua, nikamtilia sauti ya puani na roho mbaya.

"Mtoto wenu hajui lolote," nikasema kwa pua.

"Anajua," akasema mdogo wangu kinyonge.

"Hivyo ndivyo unavyomwambia mteja friji lake limepona? Sema kwa sauti!"

"Anajua!"

"Anapenda somo gani?"

Akamtazama mkewe. "Somo gani?"

"Hesabu," nikawaamulia. "Semeni hesabu. Maofisa wanapenda watoto wanaopenda hesabu."

Wakakariri hesabu. Bosi wakati huo alikuwa pembeni, kwenye meza ya kukatia, anachorachora na chaki yangu kwenye mabaki ya vitambaa. Alikuwa akifungua mdomo mara kwa mara. Mama yake anamwahi, "Maji, mama? Haya." Baba yake anamwahi, "Amechoka huyu." Mimi nawanyamazisha wote, maana muda unakwenda na Alhamisi haingoji mtu.

Alhamisi ikafika. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza moja kubwa, kabati lenye mlango usiofunga, na viti vilivyokusanywa kutoka madarasani, kila kimoja na urefu wake. Mwalimu mkuu, mzee mtaratibu mwenye miwani, alitukaribisha. Afisa alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito, ameketi kando na kalamu yake. Mwalimu wa darasa alikuwa binti mdogo tu, chaki mpaka kwenye kiwiko, na alipoiona sura yangu akasogeza kiti nyuma kidogo. Nikajisemea moyoni, ogopa hivyo hivyo.

Mdogo wangu alianza vizuri, siwezi kumnyima sifa. Alisema kwamba hawataki Bosi aondolewe, kwamba wanaomba meza inayoingia kiti chake na msaidizi wa asubuhi. Hakusema sawa hata mara moja. Jasho lilimtoka, lakini alisema.

Mwalimu mkuu akasikiliza, akapangusa miwani. "Mzazi, nakuelewa. Lakini meza siyo tatizo. Tatizo ni kwamba hatuwezi kujua kama anaelewa."

"Tumsalimie mwenyewe," akasema afisa, akageuza kiti kumwelekea Bosi. "Hujambo, mwanangu? Nyumbani wanakuita Bosi, eti? Niambie Bosi, unapenda somo gani?"

"Hesabu!" nikadakia.

Afisa akanitazama, akarudi kwa Bosi. "Asubuhi umekunywa nini?"

"Uji," akasema wifi. "Anapenda sana uji."

"Na darasani," akauliza mwalimu mkuu, "rafiki yako ni nani?"

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Tukatazamana. Bosi shingo ilikuwa imekaza, mkono unacheza juu ya kiti, na neno likamtoka, zima kabisa.

"Ku... chora."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. Hakufurahi, nisimsingizie, alisikitika kweli. "Mnaona wenyewe. Nimemuuliza rafiki, ananijibu kuchora. Darasani ni hivyo hivyo kila siku. Kwa kweli tutakuwa hatumtendei haki tukiendelea naye hapa."

Afisa akaandika. Mdogo wangu akainamisha kichwa, na nikaona midomo yake inatengeneza lile neno lake, sawa mwalimu. Nikajua tumekwisha. Nilivuta pumzi niwashe moto, niseme yote niliyoyajua na nisiyoyajua, lakini mwalimu wa darasa akaniwahi.

"Samahanini," akasema. "Kuchora ni somo."

"Ndiyo, mwalimu?" akauliza mwalimu mkuu.

"Afisa alimuuliza anapenda somo gani. Amejibu. Amejibu swali la kwanza."

 Bosi akakaza tena shingo, macho kwa afisa, na tukamwona akilivuta neno kutoka chini kabisa.

"Chai."

"Si uji?" afisa akamuuliza wifi.

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Leo uji uliungua," akasema. "Nilimpa chai."

Hakuna aliyecheka. Wote tulijua sasa tunachongoja, hata mwalimu mkuu alikuwa ameinama mbele juu ya meza yake. Likachukua muda wake. Nje watoto walikuwa wanaimba majedwali ya kuzidisha, wakamaliza moja wakaanza jingine.

"Ma... pengo."

"Mapengo!" Mwalimu wa darasa akaruka. "Ni yule anayekaa naye, hana meno ya mbele, wenzake wanamwita hivyo!" Kisha uso ukambadilika, akakaa chini. "Mungu wangu. Wiki iliyopita nilimuuliza maji yakichemka yanakuwa nini. Akakaa kimya, nikaenda kwa wengine. Tukahamia wanyama, nikauliza nani anataga mayai, yeye akasema mvuke. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Nikaandika hajibu kinachoulizwa." Machozi yakamwanguka waziwazi. "Alikuwa ananijibu. Siku zote alikuwa ananijibu, mimi nilikuwa nimeshaondoka."

Huyu ndiye niliyemtilia sauti ya puani wiki nzima. Nilitaka kumkumbatia. Pia nilitaka kujificha ndani ya lile kabati, kwa sababu mwalimu ana watoto arobaini mbele yake, angalau ana pa kusingizia. Sisi watatu tulikuwa na mmoja, na hata hatukumwachia aseme alichokunywa asubuhi.

Afisa akaweka kalamu chini. "Bosi," akasema, "nina swali moja, na halina haraka. Wengine wote," akanitazama mimi, mimi hasa, "wafunge midomo. Kuna shule ya mbali, ina walimu wa watoto kama wewe, utalala huko. Na kuna hii. Wewe unataka kusoma wapi?"

Nimezaa, nimefiwa, nimesimama mbele ya maofisa wa kila aina, lakini sijawahi kufanya kazi ngumu kama kunyamaza pale. Niliuma ulimi kweli kweli. Mdogo wangu alikuwa amemshika mkewe mkono mpaka vidole vimepauka. Nilihofia atasema kule. Maana tulikuwa hatujamuuliza. Wiki nzima ya mazoezi, hakuna aliyemuuliza.

"Ha... pa."

Wifi akaachia kilio. Mdogo wangu akasimama, mwalimu mkuu naye akaanza kusimama ampe mkono, na mimi mdomo tayari uko wazi.

"Kaeni," akasema mwalimu wa darasa. "Hajamaliza."

Kweli, hajamaliza. Shingo ilikuwa bado imekaza. Tukarudi kukaa, watu wazima wote, kama tulioamriwa na mwalimu mmoja mdogo kwenye kiti cha magurudumu. Bosi akatupitia kwa macho mmoja mmoja, mwalimu mkuu, mwalimu wake, mama, baba, akanifikia mimi, akaishia hapo.

"La... kini... mni... subiri."

Walikubaliana abaki. Meza itatengenezwa, msaidizi atatafutwa, na mwalimu wake akasema atakuwa anamuuliza Bosi swali, anaendelea na wengine, halafu anarudi kwake kuchukua jibu kabla ya kuhamia jambo jingine. Mwisho wa muhula tutakaa tena tuone. Mwalimu mkuu alimpa Bosi mkono na akaungoja wa Bosi ufike.

Jioni ile tulikula kwa mdogo wangu. Chakula kimewekwa, mimi nimeshaanza kuwasimulia upya kikao ambacho wote walikuwemo, Bosi akafungua mdomo. Wifi akaniwekea mkono begani. Nikakatiza. Ndiyo, mimi.

"Sisi... tuna... redio... mbili."

Redio pale ni moja, kila mtu anajua. Nikamwona wifi anataka kumsahihisha, mumewe akamkanyaga chini ya meza. Tukangoja. Chakula kikaanza kupoa.

"Moja... ina... zimika."

Tukangoja tena. Macho yalikuwa yanamng'aa, pembe ya mdomo inamcheza, na mimi bado sikujua kinachonijia.

"Nyingine... shangazi."

Loo! Mdogo wangu alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Wifi alicheka na kanga usoni. Nami nilicheka, halafu kicheko kikanigeukia kikawa kilio, nikalia hasa, mbele ya sahani yangu, kwa sababu mtoto ana utani! Ana ulimi wangu mimi, ulimi wa ukoo wetu, na miaka minane nilikuwa namkatiza kabla hajafika penye kuchekesha. Ni mangapi alitutania, tukamletea maji?

Nikafuta uso, nikavuta kiti changu karibu na chake, nikamuuliza kama ana jingine. Akakaza shingo. Tukaacha vijiko mezani, tukakaa.