Dada Mtu Kwenye Kiti cha Kamati

Solveig Tollefsrud aliingia Bunge la jimbo letu la Wisconsin akiwa mjane wa miaka arobaini na moja aliyerudia jina la baba yake, mwalimu wa baiolojia. Wakubwa wa chama wakamkabidhi kamati ya maliasili kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mimi nilikuwa karani wake.

Mwaka 1971 alileta muswada wa kuzuia watu kukausha vinamasi ovyo. Wakulima wakachachamaa. Siku ya kusikiliza maoni walijaa ukumbini na buti zao, na msemaji wao alikuwa Einar, kaka yake wa tumbo moja.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Einar alianza, akikivuta kila kipande cha neno. Ukumbi ukacheka. "Nina ekari themanini za matope na mbu. Nataka kulima mahindi. Dada yangu anataka nifuge vyura!"

Solveig alingoja kicheko kiishe. "Una dakika tatu kama wenzako, Bwana Tollefsrud. Umebakiza moja."

"Basi nimemaliza. Kataeni huo upuuzi."

"Nina swali. Baba mdogo alikausha kinamasi cha juu mwaka gani?"

"Hamsini na nne. Kila mtu anajua."

"Na kisima cha mama kilikauka lini?"

Einar alikodoa macho. Angeweza kusema hakumbuki. Lakini alikuwa mtu wa kweli, na ndiyo maana wakulima walimtuma yeye.

"Kiangazi kilichofuata," alisema.

"Nani alikuwa akimchotea maji?"

"Mimi. Miaka sita." Akachukua kofia yake. "Umenivua nguo mbele za watu, Solveig."

"Nimekuuliza ulichokiona, kaka."

Muswada ulipita kwa tofauti ya kura mbili. Uchaguzi uliofuata Einar akamfanyia kampeni mpinzani wa dada yake, nyumba kwa nyumba, na Solveig akanusurika kwa tofauti ya kura thelathini na nane. Nilimuuliza kama anajuta.

"Kumuuliza, hapana," alisema. "Kumuuliza hadharani, hapo ndipo panaponiuma. Haya, lete faili la mto."

Miaka mitano hawakusemezana. Ukaja ukame wa sabini na sita. Mahindi yakanyauka wilaya nzima, ila ng'ombe wa Einar walikunywa kwenye kinamasi chake, kile alichozuiwa kukausha, mpaka Septemba. Simu ililia ofisini, nikapokea mimi.

"Mwambie mheshimiwa ng'ombe wangu wanamsalimia."

Nilimpa mkono wa simu. Solveig alisikiliza, akacheka mpaka akavua miwani.

"Wewe mwenyewe je, hunisalimii?" akauliza. Sijui alijibiwa nini. Ila Jumapili hiyo alikwenda kula kwa kaka yake.

Alikaa bungeni miaka ishirini na miwili. Alipigania mito, misitu, na sheria ya kuzuia sabuni zinazorutubisha mwani ziwani. Alishindwa mara nyingi, na kila Januari alirudisha kilekile kilichokataliwa, kimeandikwa vizuri zaidi.