Mwenye Koti Aliyengoja Nifunge Maombi

Ndoto ya jana ilinikuta kwenye kochi, nimekaa wima, kitambaa kichwani na maombi yakiwa nusu.

Nianze na yale ya kabla ya usingizi. Naitwa Mama Lusajo, naishi Mbeya, na ukubwani huku nimeanza kusoma darasa la jioni. Mwalimu wetu, Mwalimu Chengula, alitupa kazi: kila mmoja atafute hadithi mpya, atazame au asome sehemu ya kwanza tu, kisha asimame mbele ya wenzake aseme imemgusaje. "Sitaki mnisimulie," alisema. "Nataka mniambie, ilipoisha mlikuwa mmekaaje."

Mjukuu wangu Subilaga ndiye aliyenichagulia.

"Bibi, hii imetoka juzi tu. Darasani kwetu hakuna anayeongea kingine."

"Katuni?"

"Siyo katuni, Bibi. Ni anime. Tena ya kutisha. Usije ukasema sikukuambia."

Ilikuwa filamu ya kuchorwa ya Kijapani, na vijana fulani walikuwa wameiwekea maandishi ya Kiswahili chini ya kioo cha runinga. Mimi husoma kwa kidole, kwa hiyo Subilaga alikuwa akiisimamisha kila mara, akihema kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani.

Hadithi yenyewe ni hivi. Katika shule moja kuna ngazi isiyotumika. Juu yake anakaa mtu mrefu mwenye koti. Ukimtazama machoni anachukua jina lako, analitia mfukoni, na kuanzia hapo hata mama yako mzazi hakujui. Ameshachukua jina la mtoto mmoja mdogo. Dada wa mtoto huyo, binti aitwaye Chizuru, anapanda ngazi peke yake kulirudisha. Anamfikia yule mtu kwa nyuma. Anapenyeza mkono mfukoni. Mwenye koti anaanza kugeuka.

Hapo nikafumba macho, nikapaza sauti: "Baba wa mbinguni, msitiri mtoto huyu, umfunike..."

Sikumaliza. Nilikuwa nimeshinda shambani nikipalilia viazi, na usingizi ulinichukua katikati ya sentensi.

"Mama Lusajo," sauti inasema, "umenikalia."

Ni rimoti. Najiinua kidogo, naitoa chini yangu, naomba radhi.

"Siyo kitu," inasema, kwa upole wa kiumbe aliyezoea kubonyezwa. "Lakini kuna watu wanakungoja. Umeanza maombi hukuyafunga."

Natazama kioo. Nadhani picha imeganda, kumbe haijaganda. Wameinamisha vichwa. Chizuru, mkono wake ukiwa bado ndani ya mfuko wa koti, amefumba macho. Mwenye koti, shingo imegeuka nusu, amefumba macho na kufumbata mikono mbele yake kama mtu aliye kwenye benchi la kwanza kanisani. Hata kunguru aliye dirishani ameinama.

Naona aibu kubwa. Nasogea nione vizuri, kochi linasogea nami, na tayari niko kwenye ile ngazi. Ni mchana, kuna harufu ya nta ya sakafu. Kochi linabaki chini. Linasema halipandi ngazi, magoti yake yote manne ni mabovu.

Kwenye ukingo wa chini kabisa zimekaa herufi za yale maandishi, zimechoka, zimenyoosha miguu.

"Ndiye huyu?" inauliza M.

"Ndiye. Yule wa kidole."

"Shikamoo, Mama," zinasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mbona mmekaa chini?"

"Tumesimama mno," inasema H. "Sentensi ya kwanza ulitusoma mpaka nikapata kizunguzungu."

Naziambia kwamba mimi ni mgeni katika kusoma, nizidi kuvumiliwa. H inasema haina kinyongo, ila ingependa maji.

"Ni wewe mama wa maombi?" sauti nzito inauliza kutoka juu. Ni mwenye koti. Hajafumbua macho.

"Ni mimi."

"Shikamoo."

Hilo sikulitegemea. "Marahaba, baba."

"Nakuomba uyafunge. Nilikuwa nageuka, na sasa mshipa wa shingo umekaza. Sema tu amina tuendelee na kazi."

"Nikisema amina utafanya nini?"

"Nitamalizia kugeuka. Binti atashtuka, atafumbua macho, atanitazama, nami nitachukua jina lake. Ndivyo ilivyopangwa. Baada ya hapo unapigwa muziki."

"Na kwa nini usigeuke sasa hivi?"

Anashtuka kweli. "Katikati ya maombi? Mama, mimi ni mtu mbaya, lakini nimelelewa."

Chizuru ananong'ona kwa pembe ya mdomo. "Bibi, jina la mdogo wangu nimelipata. Nimelishika. Ni dogo, linapumua. Lakini mkono umekufa ganzi, na mdogo wangu yuko chini getini, hakuna anayemjua."

Basi hapo naliona tatizo lote, kama sahani juu ya meza. Nikifunga maombi, binti ameisha. Nisipofunga, atasimama hapo na mkono mfukoni hadi mwisho wa dunia, na yule mdogo atangoja getini bila jina. Na kosa ni langu. Hakuna mwingine aliyelala.

Ninainamisha kichwa nifikiri. Ninapokiinua, ngazi za juu zimekuwa mabenchi ya kanisa letu, na mimi niko mbele, kwenye zamu ya maombi. Rimoti iko mfukoni mwangu. Kunguru amekaa upande wa wanaume.

Na kanisani akili yangu hufanya kazi. Sisi tunajua jinsi ibada inavyokwenda. Watu wakifumba macho kwenye maombi, ndipo kwaya inaponyanyuka kwenda mahali pake. Ndipo aliyechelewa anapoingia na kukaa kama vile alikuwepo tangu mwanzo. Ndipo mtoto anayelia anapotolewa nje. Tukisema amina na kufumbua macho, kila kitu kimeshabadilika na hakuna aliyemwona mtu.

"Ndugu," namwambia mwenye koti, "nitayafunga. Lakini siwezi kufunga kabla ya kumaliza."

"Ni haki yako. Ni marefu?"

"Nitajitahidi."

Rimoti inacheka mfukoni. "Huyu hajawahi kusali na wewe," inasema.

Nafungua kitambaa changu cha kichwa, kile cha idara ya wanawake, cha zambarau chenye maua meupe, kilichounguzwa na pasi kwenye ncha moja nilipokuwa nikiongea na jirani dirishani. Nampa Chizuru. "Jifunge macho mwanangu, usije ukageuka ukamtazama kwa bahati mbaya. Vua na viatu. Ukisikia naomba, tembea."

"Na Bibi je?"

"Mimi nimefumba." Na kweli nimefumba, lakini naona kila kitu, maana ndoto haina kope.

Kitu kimoja kinanisumbua. Maombi si mchezo, wala si mtego wa panya. Kwa hiyo naamua kwamba nitaomba yale tu yanayohitajika kweli. Ni bahati njema kwamba ni mengi.

"Umfunike," naendelea pale nilipoishia. "Na wagonjwa, Bwana, waliolala hospitali na waliolala majumbani, na wale wanaosema hawaumwi."

Chizuru anautoa mkono mfukoni, taratibu. Ndani ya ngumi yake jina linapiga chafya.

"Na wasafiri, Bwana. Na madereva wao. Na breki zao."

Anashuka. Herufi zimenyanyuka, zimejipanga kando ya ngazi na kushikana mikono, anazishika kama reli. H ndiyo ya kwanza, pamoja na kizunguzungu chake.

"Na mvua, Bwana, inyeshe, lakini isizidi. Na viazi. Na viongozi wetu, na wasaidizi wao, na wanaowapikia chai. Na Mwalimu Chengula, koo lake limekauka kwa ajili yetu."

"Mama," anasema mwenye koti.

"Ndugu, tuko mbele za Bwana."

"Najua. Nauliza tu kama tumeshavuka katikati."

"Tunakaribia."

"Sawa. Ni shingo tu."

Ninamhurumia, nakiri. Shingo ni shingo, hata ikiwa ya mtu wa namna hiyo. "Na ndugu yetu huyu mwenye koti," nasema, "umguse shingoni. Ndugu, jina lako nani, nikutaje?"

Mifuko yake inachezacheza.

"Sina," anasema. "Nililisahau zamani. Ndiyo maana naokota ya wengine."

"Unaiba," inasema rimoti.

"Naiba," anakubali.

"Tutakutaja hivyo hivyo," namwambia. "Bwana anakujua, wewe na koti lako." Nasikia anavuta kamasi. Sijawahi kusikia pua ya mtu wa kutisha, na kwa kweli ni kama ya mtu yeyote mwenye mafua.

Nadhani tumefaulu. Na hapo ndipo ubao wa mwisho wa ngazi unapolia *kwiii*.

"Ametoka!" anapiga kelele mwenye koti. "Binti ametoka! Yuko kule chini, amejifunga kitambaa cha zambarau!"

Chizuru anasimama, mguu mmoja hewani.

Kunguru ndiye anayeuliza, bila kuinua kichwa. "Umemwonaje?"

Mwenye koti anajikuna shingo.

"Maombi yalikuwa yanaendelea," inasema M. "Sisi wote tulikuwa tumefumba. Wewe umejuaje ni cha zambarau?"

"Nilihisi."

"Rangi?"

Masikio yake yanakuwa mekundu. Sikuwa nimegundua kwamba ana masikio. "Jicho moja tu," anasema. "Kidogo sana. Kwa ajili ya shingo."

"Kumbe ulisema umelelewa!" inasema rimoti.

Hakuna anayemwambia la kufanya. Kila aliyepitia shule ya Jumapili anajua mtoto aliyechungulia kwenye maombi anapelekwa wapi. Mwenye koti anateremka kwenye benchi, anavuta miguu mpaka ukutani, anasimama ameutazama ukuta, mikono nyuma. Sasa hawezi kumtazama mtu, na hakuna anayeweza kumtazama machoni.

"Mama," anasema akiwa huko huko ukutani, "tafadhali wasiambiwe wazazi wangu, popote walipo."

"Wasiambiwe, Bwana," nasema. Na hilo naliweka kwenye maombi.

Chini mlangoni Chizuru anafungua ngumi. "Mio!" anaita, na jina linaruka kama panzi kwenda getini. Punde, sauti nyembamba inajibu, "Dada! Umechelewa, nina njaa!"

Sasa ninaweza.

"Ni hayo tu, Bwana, kwa leo. Amina."

"Amina!" wanaitika wote, herufi, kunguru, kochi la kule chini. Anayeitika kwa nguvu kuliko wote yuko ukutani.

Nikafumbua macho. Kulikuwa kumekucha, na nilikuwa kwenye kochi, nimefunikwa blanketi la Subilaga. Rimoti ilikuwa chini yangu na haikusema kitu.

Subilaga alitoka chumbani na mswaki mdomoni. "Bibi, jana ulinitesa. Ulianza kuomba, nikafumba macho, nikangoja amina. Nikangoja. Mwisho nikaona nichungulie, nikakuta unakoroma."

"Ulichungulia?"

"Bibi, ulikuwa unakoroma!"

Sikutaka kuliendeleza. Nilishika kichwa kutengeneza kitambaa, nikakuta nywele. Nikatafuta chini ya blanketi, nyuma ya kochi, ndani ya mito. Hakuna. Subilaga naye akatafuta, mpaka chini ya jiko.

"Kitaonekana tu," akasema. "Bibi, ya pili imeshawekwa. Tuangalie kidogo kabla sijaenda shule? Nataka kujua kama yule dada amekufa."

"Hajafa," nikasema.

"Umejuaje?"

Nikamwambia awashe.

Ilianza getini, asubuhi, kama kwetu. Chizuru alikuwa amechuchumaa kwenye bomba akimnawisha mdogo wake uso. Shingoni alikuwa amefunga kitambaa cha zambarau chenye maua meupe.

"Eti Bibi!" Subilaga aliutoa mswaki mdomoni. "Mbona kama chenu cha idara?"

"Maua meupe yako kila mahali," nikasema. "Isimamishe hapo."

Akaisimamisha. Upepo wa Kijapani ulikuwa umeinua ncha moja ya kitambaa, na kwenye ncha hiyo palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, kama ulimi mdogo.

Subilaga alinitazama mimi, akatazama kioo, akanitazama tena. Mimi nilishajua nitamwambia nini Mwalimu Chengula: kwamba ni hadithi nzuri, ina watu wenye adabu kuliko wanavyoonekana, na ilipoisha nilikuwa nimekaa juu ya rimoti.

Lililonibakia moyoni ni moja tu. Jumapili hii idara yetu inaimba, na sare ni sare. Nikasoma maandishi ya chini kwa kidole, taratibu, herufi moja moja, nione kama kuna mahali binti yule anasema atakirudisha lini.