Fulana ya Kitini

Tangu radieta za kupasha nyumba joto jijini Karaganda ziwashwe mwezi wa Oktoba, hewa ya nyumbani kwa Raushan ilikauka, na manyoya ya paka nayo yakakauka. Yalipukutika mafungumafungu, na kila akimchana wote wawili walipigwa shoti kwa ukavu huo. Paka akawa anamkodolea macho kama adui. Alikuwa paka wa marehemu mumewe, Orazbek, aliyemchana kila siku bila ugomvi.

Jirani yake Kapitolina aliingia na sufuria ya supu, akamwona paka, akashika kiuno.

"Mwenzangu, huyu paka au jamvi kuukuu? Mbona hujatundika kitambaa cha maji kwenye radieta, hewa ipate unyevu? Karaganda nzima inajua hilo!"

"Nasahau, dada."

"Unasahau! Haya, kaa ule. Nitatundika mwenyewe."

Raushan akala ili kumridhisha. Maji yakamwagika bafuni, kisha Kapitolina akatoka na fulana ya buluu inayochuruzika.

"Nimeokota tambara hili pale kitini. Lilinuka tumbaku, nikalipiga sabuni kabisa."

Kijiko kikabaki hewani. Miezi minne tangu mazishi, Raushan hakuifua fulana ile ya Orazbek. Paka aliilalia, na yeye aliinusa kila asubuhi kabla ya chai. Lakini mikono ya wema, ole wetu, haina desturi ya kuuliza.

Paka akaisogelea radieta, akainusa fulana, akainusa tena. Halafu akaenda kukaa mlangoni, akilia atolewe nje.

"Umeona? Keshachangamka!" akasema Kapitolina.

"Ahsante, dada," akasema Raushan.