Kisichokuwa na Kisanduku

Damu ya mama yake ilikuwa kwenye friji ya pili ya maabara, rafu ya chini, na yeye, mfagiaji wa hospitali, ndiye aliyepiga deki mbele yake kila asubuhi. Miezi mitano tangu wamzike mama, kichupa kilikuwa kimesimama palepale, kimegandishwa kigumu kama jiwe, na namba ubavuni.

Faili la mama lilikuwa ofisini kwa daktari mkuu. Ukurasa wa mwisho ulisema: Mgonjwa alizidisha dozi kwa uzembe. Aliusoma akipangusa vumbi. Wenye ofisi waliacha mafaili wazi kwa kuwa mfagiaji ni mfagiaji tu. Aliishia darasa la tano, lakini neno uzembe alilijua.

Dawa ile ya kuzuia damu isigande alimpa mama kwa mkono wake. Kidonge kimoja kila jioni, kama walivyoandikiwa. Siku ya tisa fizi zilianza kuvuja damu. Siku ya kumi na moja mama alikuwa maiti. Tangu matanga, mjomba hali chakula alichopika mpwa wake.

"Ulimpa vingapi?" alimuuliza mbele ya watu.

"Kimoja, mjomba."

"Hospitali waseme uongo kwa faida gani?"

Aliyemfumbua macho alikuwa mpimaji wa maabara, mama mnene mwenye utani.

"Ukisema ni mimi, nakukana mchana kweupe," alimwonya. "Mama yako alipimwa mwaka jana, kwenye utafiti. Jeni ya kuisaga dawa hiyo mwilini ni nzima, haina kasoro. Ila nyuma yake kuna kipande kisichotengeneza kitu. Zamani tulikiita takataka. Kumbe ndicho kinachoiamuru jeni ifanye kazi sana au kidogo. Kwa mama yako kilikuwa na herufi moja tofauti. Mtu wa hivyo nusu kidonge kinamtosha. Kizima, siku baada ya siku, kinammaliza."

"Mlijua?"

"Kompyuta ilijua. Fomu ya kwenda wodini ina visanduku vya jeni tu. Kipande hicho hakina kisanduku. Nikamuuliza mkubwa, akasema kisicho na kisanduku hakijazwi."

Wiki hiyohiyo daktari mkuu alimwita.

"Dada wa usafi, kaa."

Miaka mitatu alikuwa anakifuta kiti kile. Alikikalia ukingoni.

"Marehemu ametusaidia sana. Tukipata na damu ya mtoto wake, kazi imekamilika. Mwezi ujao naisoma mbele ya mabingwa."

"Futa kwanza uzembe."

Daktari alimtazama kama kwamba ufagio ndio ulioongea. "Tangu lini unasoma mafaili yangu?"

"Andika dozi yenu ndiyo iliyomzidi. Unipe nakala nimpelekee mjomba. Bila hivyo mkono wangu siutoi."

Daktari akacheka kidogo, akavuta faili, akachukua penseli. Aliandika mistari miwili na kumgeuzia asome. Dozi ilimzidi mgonjwa kwa maumbile yake. Si kosa la familia.

"Nakala kesho. Mashine imekwisha wino."

Akakunja mkono wa gauni. Sindano haikumuuma.

Kesho yake alifika kabla ya wote. Alipoingiza ufagio chini ya meza, ulitoka na vipande vyembamba vya kijivu vilivyojiviringa, vya ufutio. Alichuchumaa akavitazama. Kisha akafungua faili. Mistari miwili haikuwepo, karatasi ilikuwa imekwaruzika kidogo. Juu yake uzembe ulikuwa umekaa kwa wino, umenawiri.

Hakulia. Alikwenda kwenye friji ya pili, rafu ya chini, akatoa vichupa viwili tu, cha mama na chake. Vya watu wengine hakuvigusa. Aliving'oa vifuniko, akavilaza kwenye meza ya daktari, juu ya hotuba ya kwenda kusoma kwa mabingwa, pale jua la dirishani lilipopiga, damu iyeyuke. Juu yake akamwagia vile vipande vya ufutio.

Akachukua ndoo, akaendelea na deki korido nzima, taratibu, bila kuruka kona.

Saa tatu alisikia mlango wa ofisi ukifunguliwa. Halafu sauti ya daktari, ileile ya kila siku:

"Dada wa usafi! Kuna uchafu huku mezani. Njoo na kitambaa."

Alikikamua kitambaa mpaka tone la mwisho, akabaki amesimama nacho palepale koridoni.